Usiniambie Pole, Rudisha: Historia ya Toba Kutoka 1221 Hadi Majengo

Wasee, leo sitaki siasa wala mpira. Leo nataka tuongee kuhusu deni. Na naanza na langu, ndio msiseme nahubiri nikiwa nimesimama juu ya kiti.

Cucu yangu anaishi Majengo, hapa Nyeri mjini, ploti ya mabati yenye ua mmoja na majirani ambao wengi ni Waislamu. Anauza mboga. Ni Mkatoliki, lakini si wale wa Krismasi na Pasaka tu. Zamani alipokuwa anafanya kazi Nairobi alijiunga na kundi la Wafransisko walei, watu wa kawaida wenye familia na biashara ambao wameahidi kuishi maisha ya toba bila kuingia utawa. Shingoni ana kamsalaba ka mbao kenye umbo la herufi T. Jumatano na Ijumaa hagusi nyama. Nikiwa mtoto niliona hayo ni mambo ya wazee, nikaendelea na chapati yangu.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, zamu yake ya chama ikafika. Pesa yote, shilingi 38,000, akanitumia kwa M-Pesa nilipe karo. Haikufika ofisi ya karo. Niliimaliza kwa siku nne nikibeti, nyingi ikienda kwa kale kamchezo ka kandege. Nikaacha chuo. Nikamdanganya miezi saba kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Siku nilipomwambia ukweli nililia kweli kweli. Nikapiga magoti kwa simiti, nikasema pole cucu, pole cucu. Mimi nimebeba jina la guka, kwa hivyo yeye huniita mzee wangu. Aliniacha nimalize, akasema: "Mzee wangu, pole nimeisikia. Sasa hiyo pesa utaanza kuleta lini?"

Nilikasirika, sitawaficha. Nilidhani mtu wa sala kama yeye atanikumbatia mambo yaishe. Nikaanza kusoma kuhusu hilo kundi lake nikitaka kumshika kwa kosa, nimwambie, ona cucu, hata sheria zenu zinasema usamehe tu. Wacha niwaambie nilichokipata. Cucu yuko sawa, na ako na miaka 800 ya historia nyuma yake.

Turudi Italia, miaka ya 1200. Wengi mnamjua Fransisko wa Asizi kama yule mtakatifu wa ndege na wanyama. Lakini kabla yake, na wakati wake, kulikuwa na watu wengi wa mitaani walioitwa Ndugu na Dada wa Toba. Hawakuwa mapadri wala masista. Walikuwa washonaji, wakulima, wenye maduka, wajane, watu na mabibi zao. Mwaka 1221 wakaandikiwa kanuni ya maisha, kwa Kilatini inaitwa Memoriale Propositi. Ukiisoma leo ukiwa umekaa Nyeri, utacheka, kwa sababu nusu yake unaijua tayari.

Angalia. Wanachama wakutane kila mwezi. Kila mmoja atoe sarafu moja kwa mweka hazina. Mweka hazina agawie wenzao maskini, kwanza wagonjwa na wale wasio na kitu cha kuwazika, kisha maskini wengine. Mwenzenu akiwa mgonjwa, aende kuonwa kila wiki. Akifa, mhudhurie mazishi. Buda, hiyo si chama? Hiyo ni chama kabisa, imebaki tu kuchaguliwa katibu na kutozwa faini ya kuchelewa. Mama zetu wakikaa kwa viti vya plastiki Jumapili jioni na daftari la michango, wanafanya kitu ambacho washonaji wa Italia walikifanya wakakiita toba.

Ndiyo, kulikuwa pia na yale mambo ya kujinyima. Nyama ilikuwa Jumapili, Jumanne na Alhamisi peke yake. Nguo iwe ya kitambaa cha bei rahisi, kisichotiwa rangi. Usiende karamu za anasa, maonyesho wala ngoma. Lakini hata hapo walitumia akili: mgonjwa aliachiliwa, msafiri aliachiliwa, na mtu wa kazi ya mkono aliruhusiwa kula mara tatu kwa siku msimu wa kazi ngumu, wakati wengine ni mara mbili. Walioandika walijua mtu anayelima hawezi kushinda na uji wa asubuhi.

Sasa hiki ndicho kipengele kilichonimaliza. Kabla hujapokelewa, lazima kwanza ulipe madeni yako, urudishe mali ya watu uliyoichukua, na upatane na jirani mliyekosana. Hii ilikuwa kwa mlango, kabla ya ile nguo na kabla ya kufunga. Hujarudisha, hujaingia. Na ukishaingia, ndani ya miezi mitatu uandike wosia, ndio siku ukifa watu wasianze kupigania shamba. Mimi natoka Nyeri. Nimeona ndugu wakipelekana kortini miaka kumi kwa sababu ya nusu ekari. Hicho kipengele cha wosia peke yake kingeokoa familia ngapi huku kwetu?

Kulikuwa na kingine: usibebe silaha ya kuua mtu. Leo tunaweza kuona ni kitu kidogo. Wakati huo miji ya Italia ilikuwa inapigana kila mara, na viongozi wa mji walitaka kila mwanamume aape kwamba atachukua silaha akiitwa. Watu wa toba wa mji wa Faenza walikataa. Wakasumbuliwa mpaka Desemba 1221 Papa Honorius wa Tatu akaandika barua kumwambia askofu wa Rimini awalinde. Fikiria fundi wa viatu anamwambia mkubwa wa mji, samahani, sitaua mtu kwa ajili yako, niko kwa toba. Kumbe hawa hawakuwa wazee wapole wa kukaa nyuma kanisani. Toba yao ilikuwa inakasirisha serikali.

Masimulizi ya Wafransisko yanamtaja Luchesio wa Poggibonsi na bibi yake Buonadonna kama wa kwanza kabisa katika kundi hilo. Luchesio alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Unajua wale wa kununua mahindi yote wakati wa mavuno, wanafungia stoo, halafu wanangoja njaa ipandishe bei? Huyo alikuwa yeye. Alipobadilika aligawa mali yake, akabaki na kashamba kadogo, akawa anahudumia wagonjwa. Alikufa mwaka 1260. Kile nimependa ni kwamba toba yake ilianzia pale pale alipokosea. Alikosea kwa chakula na pesa, akatubu kwa chakula na pesa. Hakukosea kwa stoo akaenda kutubia kwa kwaya.

Najua mtu wa Nyeri ameshaanza kuniandikia: na Nyaatha je? Hata mimi nampenda. Sista Irene Stefani wa Wakonsolata alifika Kenya mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta, akahudumia wapagazi wa jeshi kwa hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wale wapagazi ndio waliotuachia jina Kariakor. Baadaye alikaa Gikondi, hapa kwetu, akitembea vijiji kwa mguu, mpaka 1930 akaambukizwa tauni akimhudumia mgonjwa, akafa. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na Nyeri ilijaa watu mpaka pa kukanyaga hakuna. Lakini Nyaatha alikuwa mtawa. Hakuwa na rent, hakuwa na watoto, hakuwa na simu inayomwambia akope. Mimi nilitaka mtu wa kawaida, na ikiwezekana mtu aliyeharibu mambo kama mimi.

Nikampata Dublin, Ayalandi. Anaitwa Matt Talbot.

Alizaliwa 1856 katika familia maskini. Akiwa na miaka 12 aliandikwa kazi kwa wauza pombe, na hapo hapo akaanza kunywa. Alikunywa miaka 16. Mshahara wote baa. Akiishiwa, anakopa. Akinyimwa, anauza viatu vyake. Kuna wakati yeye na wenzake walimwibia mzee kipofu fidla yake, ile aliyokuwa akipiga barabarani apate kula, wakaiuza wakanywa. Nyinyi wa Mlima Kenya, msiniambie hadithi hii ni ya wazungu. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kangai, Kirinyaga, kwa pombe yenye sumu. Kila mtaa huku tunajua kijana ambaye amemuuzia mamake sufuria.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, Talbot aliapa kuacha pombe. Kwanza miezi mitatu, kisha sita, kisha maisha yote. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Fransisko, lile lile kundi la cucu. Akaishi hivyo miaka mingi: misa alfajiri, kazi ya kubeba mbao, chakula kidogo, kitanda cha ubao. Alianguka akafa barabarani tarehe 7 Juni 1925 akienda misa, na walipomvua nguo hospitalini wakakuta minyororo mwilini.

Na hapa ndipo nina shida na watu wa kanisa, na pia na watu wa mitandao. Ukitafuta Matt Talbot, kila mtu anaongea juu ya minyororo. Minyororo inatoa picha nzuri, inashtua, inaleta maoni. Lakini kabla ya hiyo minyororo alifanya kitu kigumu zaidi. Alizunguka baa moja baada ya nyingine akilipa madeni yake ya zamani. Ebu jifikirie wewe mlevi uliyeacha, unaingia tena kwa kila baa uliyojiharibia jina, mfukoni una bahasha, na harufu ya pombe iko pale pale. Halafu akaanza kumtafuta yule kipofu wa fidla. Alimtafuta sana Dublin nzima. Hakumpata. Mwishowe ile pesa ya fidla aliitoa kwa misa za kumwombea.

Hiyo sehemu ya fidla ilinifanya nifunge simu nikae kimya. Kwa sababu mimi mtu niliyemwibia yuko hai. Yuko hapo nje anachambua sukuma wiki. Talbot angetoa nini apate bahati kama yangu, kumpata kipofu wake ameketi mlangoni.

Tusikae Ulaya sana. Vuka Uganda, ingia Kongo mashariki, fika Goma. Floribert Bwana Chui alizaliwa pale Juni 1981, akasomea sheria. Alikuwa mlei, mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akisaidia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa mpakani, ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa. Mzigo wa mchele ulioharibika ukaletwa. Wakampa pesa aupitishe. Akakataa, maana watu wangekula sumu. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri kule Roma. Sisemi alikuwa na deni la kulipa kama Talbot. Namtaja kwa sababu Luchesio alifunga nafaka akala jasho la maskini ndipo akarudisha. Floribert alikataa kuichukua ile pesa kutoka mwanzo. Ni barabara ile ile, mmoja alirudi, mwingine hakutoka. Na yeye alikuwa kijana kama sisi, na mshahara wa serikali, kwa mpaka ambao kila mtu anakula.

Sasa nitoe maoni yangu, ndiyo mnanifuata kwayo.

Kenya tumeijua toba kinyumenyume. Mtu anaiba pesa ya hospitali, halafu Jumapili anabeba gunia la noti kanisani, anapigiwa makofi, anapewa kipaza sauti. Aliyeibiwa ni mama aliyekosa dawa. Aliyelipwa ni jengo la kanisa. Kanuni ya 1221 ingemzuia mlangoni: rudisha kwanza kwa mwenyewe, sadaka baadaye. Ndio maana vijana walipelekea makanisa moto mwaka 2024 kuhusu pesa za wanasiasa. Na Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipotangaza kwamba zaidi ya shilingi milioni 2 ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto zirudishwe, watu walishangaa kama ni kitu kipya. Si kipya. Ni toba ya zamani, tulikuwa tumeisahau.

Lakini ni rahisi kunyoosha kidole juu. Wengi wetu tulioandika maneno makali kwa wanasiasa tuna mtu tulimkopa akanyamaza. Kuna rafiki ulimblock kwa sababu ya 2,000. Kuna fundi ulimwambia kesho tangu Desemba. Kuna cucu.

Jirani yetu wa Majengo ni mzee anayeswali msikiti wa karibu. Yeye na cucu ni marafiki wa miaka. Ramadhani cucu humpelekea matunda ya kufuturu, na Kwaresima mzee humtania kwamba siku zake 40 ni za wepesi kwa sababu maji anakunywa. Siku moja nilimsalimia, Shikamoo mzee, nikamuuliza kwenu toba ni nini. Akasema uache lile kosa, ujute, na uazimie kutolirudia. Akanyamaza kidogo, akaniangalia vizuri, akaongeza: "Na kama kuna haki ya mtu, mjukuu wangu, umrudishie. Hiyo Mungu hakusamehei kabla ya mwenyewe." Nadhani cucu alikuwa amemwambia. Majengo hakuna siri.

Lakini alinifanya nigundue kitu. Sisi Wakatoliki tunaungama kwa Kiswahili tukitumia neno toba, na neno hilo tulilikuta kwao. Limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurudi. Halisemi kuumia. Linasema kurudi. Na mtu hawezi kurudi mikono mitupu mahali alipoondoka na mzigo wa watu.

Kanuni ya sasa ya Wafransisko walei ni ya mwaka 1978, ilipitishwa na Papa Paulo wa Sita. Haihesabu tena siku za nyama wala bei ya kitambaa. Inaongea zaidi juu ya kubadilika kila siku, kazi, haki na amani. Wengine husema imelegea. Nilimuuliza cucu mbona basi yeye bado anafunga Jumatano na Ijumaa. Alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwa mboga. Alisema pesa ya nyama ya siku hizo mbili huiweka kwa kopo, na ndiyo hutoa mchango wake wa chama. Nikapiga hesabu kichwani. Ile 38,000 niliyoirusha kwa kandege ilikuwa ni nyama ambayo yeye hakula.

Sikuwa na la kusema. Hata pole haikutoka.

Sasa hivi mambo yako hivi. Nimefuta zile programu za kubeti kwa simu, na namba yangu nimeifungia. Asubuhi nasaidia mtu kupakia mizigo stejini, jioni natengeneza hizi posti na kurekodi harusi. Kila Jumamosi napeleka shilingi 500 kwa cucu. Wiki mbili nimekosa. Ana daftari la rangi ya samawati, lile lile la chama, amenifungulia ukurasa nyuma. Hajawahi kuniambia hongera. Anahesabu, anaandika, ananipa chai.

Jumamosi iliyopita tulifika 11,500. Nikamwambia, cucu, naona kama umenisamehe sasa. Akashangaa kabisa.

"Nilikusamehe siku ile ile, mzee wangu," akasema. "Hii ni yako. Ni ya wewe kurudi."

Halafu akaniambia Jumamosi ijayo nisikose, na nije na paraseli ya vitunguu aliyoagiza stejini, na nauli ya mkokoteni ni juu yangu.

Kama una mtu wako wa fidla na bado yuko hai, unajua namba yake ya M-Pesa. Anza na hata mia.